Pumzi ya Watu: Adhabu Isiyo na Hakimu katika Historia ya Rungwe na katika Riwaya ya Upelelezi

Riwaya ya upelelezi, yaani hadithi ndefu ambayo kiini chake ni uhalifu na juhudi ya kumfichua aliyeutenda, imempa makazi ya kudumu mhusika wa aina moja anayependwa na wasomaji wa mataifa mengi: mtu ambaye, baada ya kuona polisi wamezembea au mahakama imenunuliwa, huamua kumhukumu mhalifu kwa nafsi yake na kumwadhibu kwa mkono wake mwenyewe. Mapenzi hayo ya wasomaji yana sababu inayoeleweka, kwani hakuna jamii isiyojua uchungu wa kumwona mwizi akirudi mtaani siku chache baada ya kukamatwa; lakini yanasimama juu ya sharti moja lisilopatikana nje ya kitabu, nalo ni kwamba mhalifu ameumbwa na mwandishi, na mwandishi amekwisha kumthibitishia msomaji kuwa ndiye hasa. Sharti hilo likiondolewa, kinachobaki ni mtu mmoja au kundi la watu waliomtendea mwenzao jambo lisiloweza kurudishwa, kwa nguvu ya dhana tu. Historia ya nchi ya Rungwe, hasa pande za Tukuyu na kata ya Ibighi, ina mengi ya kusema juu ya jambo hilo, kwa kuwa Wanyakyusa, kabla hawajatawaliwa na serikali yoyote ya kigeni, walikuwa wamekwisha kulifikiria kwa kina swali ambalo waandishi wengi wa riwaya wamelikwepa: mtu anayeadhibu bila hakimu hubaki mtu wa namna gani?

Nchi yenyewe imelala kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ikishuka kusini kuelekea Ziwa Nyasa, na mvua zake nyingi pamoja na udongo wa volkano vimeifanya tangu zamani kuwa nchi ya migomba, ng'ombe na watu waliokaribiana. Kilichoitofautisha na nchi nyingi jirani ni utaratibu wa vijiji vya rika, yaani vijiji vilivyojengwa na wanaume wa umri mmoja badala ya kujengwa na ukoo mmoja: wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua pamoja, wakaoa na kuzeeka pamoja. Uzuri wa maisha hayo uliitwa ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao, na ulithaminiwa kuliko mali. Lakini kijiji cha namna hiyo kilikuwa na hatari yake. Ndugu wa damu, ambao mahali pengine ndio wanaotetea na kulipiza, waliishi mbali. Waliokuwa karibu ni majirani, na hivyo majirani ndio waliokuwa mashahidi wa kila neno, kila chungu kilichopikwa na kila mgeni aliyenyimwa.

Mambo haya yameandikwa kwa urefu na wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938 wakisaidiwa na wenyeji, miongoni mwao Leonard Mwaisumo, ambaye mchango wake katika kueleza na kuandika maneno ya watu wake haujapewa heshima inayoustahili. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyetoa vitabu vilivyofuata, kikiwemo Good Company cha mwaka 1951 kinachohusu vijiji hivyo vya rika. Ni kazi ya watu wa enzi ya ukoloni na ina mapungufu ya enzi hiyo. Hata hivyo, ndani yake zimehifadhiwa sauti za wazee waliokuwa wakieleza sheria za maadili ambazo hazikuandikwa popote pengine.

Katika sheria hizo, adhabu kuu ya jirani juu ya jirani iliitwa embepo sya bandu, yaani pumzi ya watu. Mtu aliyemtukana baba mkwe wake, aliyewanyima wenzake sherehe iliyowapasa au aliyemtendea mzazi wake jeuri, alisemwa usiku karibu na moto katika nyumba za kijiji. Na manung'uniko hayo, yakiwa ya watu wengi na ya haki, yaliaminika kumwangukia kama baridi, akaugua homa, au viungo vikakosa nguvu, au ng'ombe wakapunguza maziwa. Hapakuwa na askari wala kiboko. Ulikuwa ni mfumo wa adhabu ambao silaha yake ni hasira ya pamoja, na ambao hakimu wake ni yuleyule mlalamikaji, na kwa maana hiyo unafanana sana na kile ambacho riwaya husifu: jamii inayojilinda bila kungoja serikali.

Tofauti kubwa ipo katika kile ambacho wazee walisema juu ya nguvu yenyewe. Kijijini walikuwepo watu walioitwa abamanga, yaani walinzi, ambao waliaminika kuwaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku kwa ajili ya wengine, na mkuu wa kijiji alitarajiwa kuwa mmoja wao. Walikuwepo pia abalosi, wachawi, waliotumwa na tamaa ya nyama na maziwa au na wivu tu kuwadhuru majirani. Kwa maelezo ya wazee, nguvu ya mlinzi na nguvu ya mchawi zilikuwa za asili moja. Wote wawili waliaminika kuwa na chatu tumboni, na kilichowatenganisha ni matumizi tu, yaani kama nguvu hiyo ilitumika kwa haki na kwa ridhaa ya wengine, au kwa chuki ya mtu binafsi. Hii ni fikra nzito. Inakataa kwamba mtu mwema anaweza kuchukua uwezo wa kuangamiza akabaki vilevile alivyokuwa, na inamweka mlinzi mwenyewe chini ya shaka ya kudumu, kwa sababu kila anayeweza kulinda kwa namna hiyo anaweza pia kuua.

Kutokana na asili hiyo moja, tukio lilelile lilipewa majina mawili. Mtu alipougua, majirani zake wangeweza kusema kwamba pumzi imemwangukia kwa makosa yake, huku ndugu zake wakisema kwamba amelogwa na watu wanaomwonea wivu kwa ng'ombe wake au kwa migomba yake iliyostawi. Monica Wilson aliona kwamba jina lililochaguliwa lilitegemea upande aliosimama msemaji, na hakuna ushahidi wa nje ambao ungeweza kuamua kati ya pande hizo. Walioadhibu walijiona watu wa haki. Walioadhibiwa waliwaona wauaji. Na kila upande ulisema kwa moyo mweupe. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima la adhabu ya mkononi, na ni jambo la kusikitisha kwamba fikra iliyolieleza kwa uwazi namna hii imebaki katika vitabu vya anthropolojia badala ya kuingia katika mjadala wa fasihi.

Pumzi ilikuwa na njia ya kurudi nyuma, na njia hiyo ilimhusu anayeadhibu kama ilivyomhusu aliyeadhibiwa. Mgonjwa alipaswa kukiri kosa lake na kuwalisha majirani, lakini hilo peke yake halikutosha. Waliomkasirikia walipaswa nao kuja mbele yake, kuitaja hasira yao kwa kinywa, na kuitoa, pengine kwa kupuliza maji kutoka mdomoni kama ishara kwamba hakuna kilichobaki tumboni. Mtu aliyekaa kimya huku moyo ukiwaka alihesabiwa kuwa hatari, na ibada iliyofanywa huku hasira imefichwa ilihesabiwa kuwa haina kazi. Kwa maneno mengine, mwenye kuadhibu hakuruhusiwa kubaki bila jina. Alipaswa kujulikana, kusema sababu yake mbele za watu, na kusikilizwa na yule aliyemdhuru.

Ingekuwa kosa kuipamba historia hii. Mgogoro uliposhindikana kusuluhishwa, watu walikwenda kwenye mwafi, yaani kiapo cha kunywa dawa ya sumu ambayo aliyeitapika alihesabiwa kuwa safi na aliyeshindwa kuitapika alihesabiwa kuwa mchawi, na aliyepatikana na hatia hiyo alilazimika kuhama kijiji, na pengine nchi ya mtawala wake, akiacha migomba aliyoipanda na marafiki aliokua nao. Hata Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga karibu na Tukuyu, hakuwa salama: kwa masimulizi yaliyokusanywa miaka ya 1930, Lwembe aliyeugua vibaya alinyongwa na washauri wake ili udhaifu wa mwili wake usiambukize ardhi na mvua. Jamii hii ilijua ukatili. Ila ilikuwa haidanganyi kwamba ukatili huo ni kitu chepesi, na wale walioutenda waliishi wakijua kwamba siku moja wangeweza kuitwa kwa jina lilelile walilompa mwingine.

Wamisionari wa Kimoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na utawala wa Wajerumani, ulioanza na kituo cha Langenburg ufukoni mwa ziwa, ulihamishia makao yake Tukuyu, mji uliopewa wakati huo jina la Neu Langenburg. Mwafi ulipigwa marufuku. Waingereza walipouteka mji huo mwezi Mei 1916 waliendeleza marufuku hiyo, kisha sheria za uchawi za Tanganyika za miaka ya 1920, hasa ile ya 1928, zikafanya kuwa kosa la jinai kumwita mtu mchawi isipokuwa mbele ya wenye mamlaka. Nia ya sheria hizo ilikuwa kuokoa maisha, na hapana shaka maisha mengi yaliokolewa. Lakini malalamiko yaliyosikika Rungwe katika miaka ya 1930 yalikuwa kwamba serikali sasa inawalinda wachawi: hofu imebaki, kipimo cha kuipima hofu hiyo kimeondolewa, na mahakama za wenyeji zilizoanzishwa chini ya utawala wa Waingereza hazikuruhusiwa kusikiliza shauri ambalo wananchi waliliona kuwa zito kuliko yote. Kati ya hofu ya watu na mlango wa mahakama likafunguka pengo, na katika nchi nyingi za Afrika Mashariki ni pengo hilo lililozaa adhabu ya usiku isiyo na kiapo, isiyo na mkuu wa kijiji na isiyo na njia ya kurudi nyuma.

Mwaka 1934, Godfrey Wilson alipokuwa akianza utafiti wake Rungwe, mwandishi wa Uingereza Agatha Christie alichapisha Murder on the Orient Express, riwaya ambamo watu kumi na wawili ndani ya treni wanamchoma kisu, mmoja baada ya mwingine, mtu aliyeponyoka adhabu ya mahakama baada ya kusababisha kifo cha mtoto mdogo. Idadi yao ni ile ya wazee wa baraza katika mahakama za Kiingereza, na mpelelezi Hercule Poirot, baada ya kuujua ukweli wote, anakubali polisi wapewe maelezo ya uongo ili wauaji waende zao. Ni pumzi ya watu ndani ya behewa la kitajiri. Kilichokosekana ni ile nusu ya pili ambayo mzee yeyote wa Rungwe wa mwaka huo angeiuliza: watu kumi na wawili wanaojua kwamba wenzao ni wauaji wataishije baada ya treni kufika, nani ataogopa nani, na hasira iliyowatuma imetolewa wapi? Riwaya inafungwa hapo ambapo Wanyakyusa walianzia.

Waandishi wa Marekani walikwenda mbali zaidi. Mickey Spillane, katika I, the Jury ya mwaka 1947, alimfanya mpelelezi wake Mike Hammer aape tangu kurasa za kwanza kwamba atamuua kwa mkono wake aliyemuua rafiki yake, na Hammer anatimiza kiapo bila kusumbuka sana. Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni. Aliyelihesabu deni la jambo hili kwa uaminifu zaidi ni Brian Garfield, ambaye mwaka 1972 alitoa Death Wish, kisa cha mhasibu wa New York anayeanza kuwapiga risasi wahalifu baada ya familia yake kushambuliwa. Garfield alikusudia kuonyesha mtu wa kawaida anayeharibika hatua kwa hatua. Lakini filamu iliyotengenezwa mwaka 1974 ilimgeuza muuaji huyo kuwa shujaa wa kushangiliwa, na mwandishi, akiwa amechukizwa na jambo hilo, aliandika kitabu cha pili mwaka 1975 ili kuirudisha maana aliyoikusudia. Watazamaji walikuwa wamekwisha kuchagua. Tukio hilo linafundisha jinsi ilivyo vigumu kumwonyesha mwenye kulipiza kisasi bila kumpamba, kwa kuwa msomaji anayeamini kwamba anayepigwa ni mhalifu husikia utamu wa haki kabla hajapata nafasi ya kusikia kingine chochote.

Tanganyika ilipopata uhuru, uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na mwaka huohuo sheria mpya ya mahakama za mahakimu ilizileta mahakama zote, kuanzia ile ya mwanzo, chini ya mfumo mmoja wa nchi nzima. Lilikuwa ni tendo kubwa la usawa. Hata hivyo, hofu ya uchawi haikufutwa kwa sheria, na hali ilikuwa mbaya zaidi mbali na Rungwe, katika nchi ya Wasukuma: kwa takwimu alizozichambua mwanasosholojia Simeon Mesaki, zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Waliouawa hivyo hawakunywa mwafi, wala hawakupewa nafasi ya kuhama, na wauaji wao hawakuja kutaja hasira yao mbele ya mtu.

Serikali yenyewe ilijaribiwa na njia ya mkato. Katikati ya miaka ya 1970, maafisa wa polisi na usalama katika mikoa hiyo waliwakamata watu wengi katika operesheni ya kukomesha mauaji, wakawatesa ili waseme, na baadhi ya waliokamatwa wakafa wakiwa mikononi mwa dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na ambaye hakuwa amewatesa watu hao kwa mkono wake wala kuagiza wateswe, alijiuzulu mwaka 1977 kwa kuwajibika kwa yaliyotendwa chini ya wizara yake, na baadhi ya maafisa walifikishwa mahakamani. Katika historia ya Tanzania hakuna mfano mkubwa kuliko huu wa mtu aliyekubali kwamba adhabu isiyo ya haki lazima iwe na mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo lazima ajulikane kwa jina.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1982, wanavijiji wa upande wa Kahama walianzisha sungusungu, yaani jeshi la jadi la wanakijiji wenye pinde na mishale, lenye viongozi wake na yowe lake la kuitana, kwa lengo la kuwakamata wezi wa ng'ombe ambao polisi hawakuweza au hawakutaka kuwakamata. Walifanikiwa sana, na Rais Nyerere pamoja na chama tawala waliwaunga mkono, huku mahakimu na polisi wakiwa na wasiwasi kwa sababu miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo vikongwe walioshukiwa uchawi, na miongoni mwa adhabu zilizotolewa zilikuwemo viboko, faini za ng'ombe na kutengwa na jamii. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwapa walinzi hao nafasi ya kisheria, ikiwemo mamlaka ya kukamata. Kwa kipimo cha Rungwe ya zamani, walikuwa abamanga waliosajiliwa: walinzi wa kweli, wenye nguvu ya kweli, ambao hatari yao ilitoka palepale faida yao ilipotoka. Hukumu ya haki juu yao inapaswa kubeba mambo yote mawili, kwani mfugaji aliyerudishiwa ng'ombe wake na kikongwe aliyefukuzwa kijijini wote walikutana na sungusungu yuleyule.

Kipindi hichohicho ndicho kilichokuwa cha neema kwa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa ameifungua njia kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, mtu wa kiko na wa kufikiri taratibu, hufumbua fumbo kwa akili yake. Kazi yake ni kueleza kilichotokea, na hamwadhibu mtu. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, ambamo mpelelezi ni afisa wa polisi. Elvis Musiba alileta mwendo mwingine kabisa katika Kufa na Kupona ya 1974 na Kikosi cha Kisasi ya 1979, ambamo Willy Gamba, mpelelezi wa serikali anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, hutumia bastola na ngumi, na maadui zake mara nyingi hufa kabla ya hakimu yeyote kuwasikia. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea, asiye na cheo wala mkubwa wa kumwamuru. Vitabu hivi vilisomwa kwa hamu na vijana wa mijini na vijijini, vikaazimwa mkono kwa mkono hadi majalada yakachakaa, na thamani yake katika kuwafanya Waswahili wasome kwa raha haipaswi kudharauliwa na wahakiki.

Lakini mwelekeo wake unaonekana ukiwekwa kando ya historia iliyosimuliwa hapa. Kutoka kwa Bwana Msa hadi kwa Willy Gamba, mpelelezi alihama kutoka kuwa mtu anayejua hadi kuwa mtu anayeua, na kuhama huko kulitokea wakati uleule ambapo nchi ilikuwa ikibishana juu ya nani ana haki ya kuadhibu. Musiba alikuwa na hoja: adui wa Gamba alikuwa ni dola ya kibaguzi ya Afrika Kusini na mawakala wake, na vita ya ukombozi ilikuwa vita kweli, isiyoweza kupelekwa katika mahakama ya mwanzo. Tatizo ni kwamba umbo la hadithi hiyo, likiisha kuzoeleka, halibaki kwa kaburu na jasusi peke yao. Linamfundisha msomaji kuona kwamba kuthibitisha na kuadhibu ni hatua moja, na kwamba anayetaka kuzitenganisha ni mwoga au amehongwa.

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yalizitenganisha hatua hizo kwa maandishi yaliyo wazi: Ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliichukulia misingi hiyo kwa uzito kiasi cha kutamka, mwaka 1994, kwamba hata adhabu ya kifo inayotolewa na mahakama inapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani haikukubaliana naye mwaka uliofuata, na adhabu hiyo ikabaki katika sheria. Inastahili kukumbukwa kwamba wakati jaji alipokuwa akipima kama dola ina haki ya kuua baada ya kusikiliza mashahidi, wakili na rufaa, mitaani watu walikuwa wakiuawa kwa ushahidi wa yowe moja.

Ibighi ya leo, pamoja na mitaa ya Tukuyu inayopakana nayo, ina vyombo vyote ambavyo sheria imeviweka kwa ajili ya migogoro ya watu: mwenyekiti na mtendaji, baraza la kata lililotokana na sheria ya 1985, mahakama na polisi wa wilaya mjini, na ulinzi shirikishi, yaani utaratibu wa wananchi kulinda mitaa yao kwa kushirikiana na polisi. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa, mradi amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hatari ipo katika dakika zilizo kati ya kukamata na kukabidhi. Kelele za mwizi zikipigwa usiku, wanaotoka nje hawajui kilichoibwa wala aliyeibiwa. Wanamwona mtu anayekimbia, na mtu anayekimbia anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa anamkimbiza mwizi, anaweza kuwa mgeni aliyeogopa kundi la watu wenye marungu. Anayerusha jiwe la tatu anaamini kwamba wa kwanza alikuwa na hakika. Wa kwanza, mara nyingi, alikuwa na hasira tu.

Asubuhi yake magazeti huandika kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari huishia hapo, marehemu akiwa na jina, umri na mtaa, na waliomuua wakiwa hawana hata kimoja. Kanuni ya Adhabu haikubaliani na ukungu huo, kwani kifungu chake cha 23 kinawahesabu wote waliokusudia jambo moja la haramu kuwa kila mmoja wao amelitenda lile lililotokana nalo. Lakini kifungu hicho kinahitaji shahidi, na shahidi ni jirani, na jirani alikuwepo. Kwa hiyo kesi hulala. Ni mbinu ileile ya wauaji wa Christie, visu kumi na viwili ili pasiwepo kisu chenye mwenyewe, isipokuwa kwamba mtaani hapakuwa na kifo cha mtoto kilichothibitishwa, wala mpelelezi aliyejua yote.

Gharama ya mauaji hayo kwa walio hai haionekani kwenye taarifa ya polisi, ila watu wa mitaa kama hiyo wanaijua. Kijana wa miaka kumi na sita aliyechota petroli kwenye pikipiki ili mtu achomwe ataendelea kupita mbele ya nyumba ya mama wa marehemu akienda sokoni, na mama huyo atampisha njia, na wote wawili watajua. Mwenye duka ambaye mali yake iliibwa, aliyetaka tu arudishiwe redio yake, amekuwa sababu ya kifo bila kuulizwa. Yule aliyejaribu kusema mpelekeni polisi akasukumwa pembeni, amejifunza kunyamaza mara nyingine. Na siku yowe litakapopigwa nyuma ya mtoto wa mmoja wao, hakuna atakayesimama katikati, kwa kuwa kila mmoja anakumbuka alichokifanya mwenzake na anajua kwamba mwenzake anamkumbuka yeye. Wazee wa Rungwe waliogopa hasa hali hii, ya watu wanaokula pamoja huku hasira na hatia zimekaa tumboni bila kusemwa, na ndiyo sababu walidai mwenye hasira aje, ajitaje, na apulize maji mbele ya aliyemdhuru.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina vifaa vyote vya kuifanya kazi hiyo kwa namna yake, pengine kuliko mahakama, kwa sababu mpelelezi wa kitabuni anaweza kuingia kila nyumba na kusikia kile ambacho shahidi hatakitamka kizimbani. Fumbo lake lisingekuwa ni nani aliyemuua mwizi, kwani mtaa mzima unajua. Lingekuwa ni kama aliyekufa alikuwa mwizi kweli. Ni nani aliyelipiga yowe la kwanza, na alikuwa na ugomvi gani na marehemu juu ya mpaka wa shamba au juu ya mwanamke. Ni nani aliyetazama akaondoka, na kwa nini mwenyekiti alichelewa kupiga simu. Mpelelezi wa namna hiyo asingehitaji bastola. Angehitaji subira ya Bwana Msa, ujuzi wa Kinyakyusa wa kusikia kinachonong'onwa karibu na moto, na ujasiri wa kuandika majina, kuanzia na la mtu aliyemfungulia mlango na kumkaribisha chakula.